Kinyozi wa Chini ya Mwamba

Kaka yangu anaweza kukuonyesha pweza mahali ambapo wewe unaona jiwe tu. Anaelekeza kidole kwenye mwamba, unakodoa macho, huoni kitu, unaanza kumshuku, halafu jiwe linakufumbulia jicho. Ndiyo maana wapiga mbizi wenzake wanamwita Bwana Pweza, na wageni wanaokuja kuzamia pale kwenye rasi ya mawe humuulizia yeye kwanza.

Mimi ni mdogo wake, daktari wa meno, na nina kiherehere. Nikisikia kuna kitu, lazima nikione. Kwa miaka alinisimulia habari za Kinyozi, mahali alipopagundua mwenyewe chini ya ule mwamba, ambako samaki hupanga foleni kusafishwa na viumbe vidogo, na hakuna anayemla mwenzake. "Jifunze kupiga mbizi, nitakupeleka kwa mkono wangu," aliniahidi. Nikajifunza. Nilimeza maji ya chumvi ya kuunga mboga za mtaa mzima, lakini nikajifunza, na mwalimu wangu alikuwa yeye.

Ajabu ni kwamba hakunipeleka. Tulikuwa tukishuka hadi kwenye ufa mkubwa, mpana kama mlango, ambapo mwamba unakatika na kwenda chini. Si kwamba juu ya ufa macho yanalala njaa. Pono wanatafuna matumbawe mpaka unawasikia, bunju wanakutazama kama umeingia kwao bila hodi, na siku moja kasa alipita karibu yangu hadi nikasahau kupumua, kosa ambalo kaka alinifokea kwa vidole. Lakini tukifika kwenye ufa, ananionyesha kidole gumba juu. Kwa wapiga mbizi hiyo maana yake ni moja: tupande. Mara ya kwanza alisingizia mkondo. Mara ya pili alisema maji yamechafuka, nami nilikuwa naona mpaka mabaka ya samaki wa mbali. Mara nyingine akasema hewa yangu imepungua, na kipimo cha mtungi wangu kilionyesha bado ipo tele.

Nikamwendea wifi, mke wake, jikoni kwake.

"Wifi, kaka ana nini? Kule chini kuna nini?"

"Ningejua ningelala," akasema, huku akimenya vitunguu kwa hasira. "Siku hizi hata wageni hawafikishi huko. Mwenye boti kamwambia, msimu ukianza na bado hashuki Kinyozi, wageni watapewa mtu mwingine. Yeye abaki kujaza mitungi na kusugua boti."

"Anaogopa?"

"Kaka yako? Anayewachekea papa? Nikimuuliza anasema yuko sawa. Hata maji ya baridi hataki tena. Anakunywa chai ya uvuguvugu kama mgonjwa."

Moyo uliniuma. Kaka yangu huwa hana raha nchi kavu. Ukimpa kiti sebuleni anakikalia kama yuko kituo cha polisi. Kumwachia kazi ya kusugua boti wakati wengine wanashuka ingekuwa ni kumzika akiwa anapumua. Nikajiapiza kwamba safari ijayo sitatazama samaki hata mmoja. Nitamtazama yeye.

Ndivyo nilivyofanya. Tulishuka asubuhi, maji yakiwa meupe. Kwenye ufa alitangulia, akateremka kidogo, akasimama. Kisha akaweka kiganja shavuni, akakibonyeza na kufumba macho.

Ishara hiyo haimo katika ishara za kupiga mbizi. Imo katika chumba changu cha kusubiria. Naiona kila siku, kwa wazee, kwa watoto, kwa wanaume wenye miili ya kubeba magunia. Nikaona haya, mimi niliyesomea meno, niliyeambiwa habari ya maji ya baridi nisiitie maanani.

Nilijielekezea kidole kwenye taya, kisha nikamwelekezea yeye. Akageuza uso. Akashika ukingo wa ufa. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akanionyesha mimi, akanionyesha chini, akajigusa kifua na kuonyesha pale aliposhika. Nenda wewe. Mimi nabaki hapa, nakuona.

Ningekataa kama ningekuwa na adabu. Kiherehere kikanishinda, nikashuka.

Kinyozi ni kibaraza cha mwamba, si kikubwa kuliko meza ya chakula. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka ambaye watu humkimbia, alikuwa ametoa kichwa shimoni na kupanua mdomo, na ndani yake kamba wadogo wekundu walikuwa wakichokonoa katikati ya meno yake bila wasiwasi. Nikanyoosha mkono. Kamba mmoja akanipandia, akaanza kunisafisha kucha. Nilicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani.

Pembeni chewa mkubwa alikuwa anangoja zamu. Zamu ilipofika akafungua mdomo, na samaki mwembamba wa buluu akaingia mzimamzima. Nikajiuliza: anajuaje kwamba hatamezwa? Nikasogea. Kila mara chewa alipotaka kupumzika, alitikisa mwili na kufumba mdomo nusu tu. Yule mdogo alitoka haraka, akangoja nje. Chewa akafungua tena, naye akaingia tena. Wameelewana.

Nikainua kichwa nimwonyeshe kaka. Alikuwa ananing'inia kwenye ufa, kichwa chini, kiganja shavuni, anachungulia mahali alipopagundua yeye mwenyewe kama mtoto aliyefungiwa nje. Hamu ya kutazama ikaniishia.

Botini sikumpa nafasi ya kuvua miwani.

"Jino la juu, la nyuma, kushoto."

"Nani kakwambia?"

"Shavu lako."

Akavua miwani. Kisha akasema, "Linauma sana nikishuka. Nikipanda linatulia."

"Limewahi kuzibwa?"

"Zamani. Kabla hujawa daktari."

"Basi lilizibwa vibaya, kumebaki upenyo wenye hewa. Ukishuka maji yanaibana. Kaka, hii ni kazi ya mchana mmoja! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Wewe uliyekuwa unakula chaki, niliyekubeba mgongoni, leo nikulalie kwenye kiti nikuachamie?" Akacheka, mara akaacha. "Mdogo wangu, yule aliyeniziba aliniumiza. Nilimpungia mkono aache, akadhani namshukuru, akaendelea. Pale kwenye kiti umejazwa vyuma mdomoni, huna la kusema. Mimi chini ya maji nasema kila kitu."

Nikamkumbuka chewa.

"Basi na kwangu utasema," nikamwambia. "Kwa mikono, kama chini. Na mimi nitatii, kama ninavyokutii wewe."

Wifi alimleta mwenyewe kliniki kwangu, amemshika mkono wa shati asije akachomoka. Kaka alipojilaza, miguu yake ilipita mwisho wa kiti. Nikasimama mbele yake, nikarudia yale anayowaambia wageni botini. Kidole gumba na cha shahada vikiungana, mambo sawa. Kiganja kikiyumba, kuna tatizo. Gumba juu, tupande. Gumba chini, tushuke. Akazirudia zote kwa makini kama mwanafunzi, na hakucheka.

Nilimchoma sindano ya ganzi, nikangoja, nikawasha mashine. Kiganja kikayumba papo hapo. Nikaizima. Akanitazama, akashangaa kidogo. Nikawasha tena. Safari hii gumba likapanda juu.

Nikatoa vyuma vyote mdomoni mwake, nikainua kiti hadi akakaa wima.

"Tumepanda," nikasema.

Akapumua. Akautazama mlango kwa muda mrefu, na nikaogopa kweli, kwa sababu nilishaahidi kumtii, na angeondoka nisingemzuia. Wifi alikuwa amesimama pale mlangoni na mkoba wake kifuani.

Kaka akajilaza tena taratibu. Akafungua mdomo, wazi kabisa, kama yule chewa. Kisha gumba likaelekea sakafuni.

Nikainama juu yake, tukashuka.