Hakuna Chini ya Kumi na Mbili

Rispah Nanjala alipoteza kazi mwezi wa tatu, mwaka wa 2008. Kwa miaka tisa alikuwa akipima mahindi katika kampuni ndogo ya mbegu mjini Kitale, na mshahara wake ulikuwa umefika elfu kumi na nane. Kisha vita vya uchaguzi vikafukuza wakulima, mashamba yakakaa bila kulimwa, na mwenye kampuni akawakusanya wafanyakazi thelathini akawaambia ameshindwa. Aliwashukuru kwa uvumilivu wao.

"Mimi sikuvumilia kitu," Rispah akamjibu mbele ya wote. "Nilifanya kazi. Niandikie barua iseme hivyo."

Barua alipewa. Alitembea nayo miezi minane, ofisi hadi ofisi, hadi mikunjo yake ikaanza kupasuka. Mume wake Walubengo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake peke yake ndio ulioshikilia nyumba yao ya Matisi na karo ya watoto wawili. Hakumlaumu mkewe. Ila siku Rispah alipoitwa kwa mahojiano Bungoma, kwenye ghala la kampuni ya kununua nafaka, alimwambia, "Mama Derrick, wakikupa chochote, chukua. Huu si mwaka wa kuchagua."

Rispah aliendelea kupiga pasi blauzi yake.

Waliitwa wanne, na nafasi za kupima mahindi zilikuwa tatu. Kwenye benchi nje ya ofisi aliwakuta Muigai, kijana wa Kitale aliyetoka chuo mwaka uliotangulia. Pauline, mjane wa Matulo aliyewahi kuwa karani wa ghala. Na Mzee Khisa wa Malakisi, aliyepima tumbaku maisha yake yote hadi wanunuzi walipopunguza watu. Hapo langoni malori sita ya mahindi yalikuwa yamepanga foleni tangu asubuhi, na madereva walikuwa wakiangalia mawingu yaliyoanza kukusanyika upande wa Mlima Elgon.

Muigai aliingia kwanza, kisha Pauline, kisha Rispah.

Meneja aliitwa Barasa. Alisoma ile barua haraka, akairudisha kwa kidole.

"Madam, hali ya uchumi si unaijua?"

"Naijua. Ndiyo ilinitoa kazini."

"Basi tusisumbuane. Elfu saba kwa mwezi."

"Tangazo lilisema mshahara mzuri kulingana na ujuzi. Nina miaka tisa."

"Saba ni nzuri kwa mtu anakaa nyumbani. Huyo kijana ametoka hapa amekubali sita, na yeye ana diploma." Barasa aliegemea kiti. "Nakupa dakika kumi. Hii kazi watu mia wanaitafuta."

Rispah alitoka akaketi. Alijua hesabu ya nyumbani, na alijua saba ilikuwa afadhali kuliko kukosa. Lakini kuna jambo lilimkera zaidi ya ile saba. Akamgeukia Muigai.

"Kijana, ni kweli umekubali elfu sita?"

Muigai alishtuka. "Mimi? Zii, mathe, sijakubali. Nilisema nitamuuliza mamangu. Meneja aliniambia ati wameongea na Mzee Khisa kwa simu jana, na mzee amekubali tano."

"Nani? Mimi?" Mzee Khisa aliinuka. "Simu yangu imekufa tangu Jumapili! Na huko ndani hata sijaingia bado!"

Muigai akaanza kucheka, Rispah naye akacheka. Pauline hakucheka. Alikuwa akivuta uzi kwenye mkoba wake.

"Mimi nimekubali," akasema polepole. "Tano. Aliniambia nyinyi wote mmekubali. Niko na watoto watatu, nifanye nini?"

Kicheko kikakatika. Rispah alisogea karibu naye.

"Ulitia sahihi?"

"Bado. Amesema nitatia tukimaliza wote."

"Basi hujakubali kitu, dada. Mtu akikudanganya bei, hayo si makubaliano." Akawatazama wote watatu. "Kumi na nane hatatupa, hiyo najua. Lakini kumi na mbili mtu analipa nyumba, anakula, anapeleka mtoto shule. Tuingie pamoja. Hakuna chini ya kumi na mbili."

"Akitufukuza je?" Pauline akauliza.

"Hayo malori nani atayapima? Mvua inakuja. Yeye hawezi, mashine ya kupimia iko hapo dirishani na bado iko ndani ya karatasi yake."

Mzee Khisa alivaa kofia yake. "Mimi naingia," akasema. "Nimechoka kuambiwa nilisema mambo sijasema."

Waliingia wanne, bila kubisha. Pauline alikuwa wa mwisho, na ni yeye aliyefunga mlango.

Rispah akasema walichokubaliana. Barasa alimsikiliza huku uso ukibadilika.

"Huu ni mgomo? Hata sijawaajiri!"

"Ndiyo maana huwezi kutufuta kazi."

"Pauline, wewe si tumemalizana?"

Pauline aliinua macho. "Ulinidanganya, Bwana Barasa. Kumi na mbili."

Nje dereva mmoja alipiga honi, na wa pili akamfuata. Matone ya kwanza yakagonga mabati. Barasa aliangalia dirisha, akaangalia saa, akatukana kwa sauti ndogo.

"Kumi na mbili," akasema. "Lakini nafasi ni tatu. Mzee, kijana, na Pauline. Wewe madam, mchochezi, sikutaki hapa."

Muigai akafungua mdomo kukataa. Mzee Khisa akavua kofia tena. Rispah aliwawahi.

"Watie sahihi kwanza, niione hiyo kumi na mbili imeandikwa."

Iliandikwa. Aliisoma mara mbili, karatasi zote tatu, ndipo akatoka. Pauline alimfuata hadi mlangoni akamshika mkono kwa nguvu, kisha akakimbia kwenye malori.

Jioni Walubengo alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo watu watatu wamepata, na wewe umerudi hivyo hivyo?"

"Nimerudi hivyo hivyo."

"Na ile saba?"

"Ile saba abaki nayo."

Walubengo alikasirika, na hawakuongea vizuri kwa siku mbili. Kulikuwa na usiku Rispah mwenyewe aliilia ile saba, uso ukiwa ukutani ili watoto wasisikie. Krismasi walikula sukuma wiki kwa chapati. Lakini kila barua ya maombi aliyoandika baada ya hapo, aliweka mshahara anaoutaka, kwa tarakimu kubwa.

Mwezi wa pili chama kimoja cha wakulima cha Kitale kilimwita. Mwenyekiti, mama mmoja mkali aliyeitwa Nyaruai, alishika barua yake akakunja uso.

"Ishirini? Wenzako wanaandika nane."

"Wenzangu wanaogopa. Wewe nieleze kwa nini isiwe ishirini."

Nyaruai alieleza. Rispah naye akaeleza. Walibishana hadi chai ikapoa, na waliposimama kupeana mikono ilikuwa imeandikwa kumi na sita, na kazi kuanza Jumatatu.