Mwewe Adai Jina Lake

Alasiri moja Swabra alikuwa barazani kwake Likoni, akimenya viazi vya kupikia viazi karai, mwewe alipobisha hodi. "Karibu," alisema Swabra, akamsogezea kigoda. Mwewe aliikataa chai. Alikuwa amekuja kwa shauri.

Wachuuzi wa njia ya feri, Swabra akiwa mmoja wao, walikuwa na desturi yao. Lori la askari wa kaunti, wanaowanyang'anya wachuuzi bidhaa, likichungulia, mmoja hupiga kelele, "Mwewe!", na wote hutimka na mabeseni yao. Kelele hiyo ndiyo iliyolilinda karai la Swabra, na karai ndilo lililolisha nyumba.

"Bi Swabra, mwanichafulia jina," alisema mwewe. "Mimi huchukua kifaranga kimoja nikaenda zangu. Wale huchukua hata mwavuli."

Akaeleza kuwa Waingereza nao walikuwa wamemchosha. Neno lao hawk lilikuwa lake tangu enzi, kisha wakakiita hivyo kibao cha fundi wa lipu, na kukohoa makohozi, na hata uchuuzi. Hilo la uchuuzi alikuwa amelichunguza mwenyewe: lilitoka kwa Wajerumani wa zamani, halina udugu naye. Waingereza alikuwa amewasamehe, wako mbali. "Lakini nyinyi ni majirani."

"Wallahi tumekukosea," alisema Swabra. "Sasa wale tuwaiteje?"

"Waiteni kwa jina lao."

Kesho yake aliwapa wenzake habari. Matano muuza njugu, mkubwa wao, hakuona ugumu wowote. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema, na wote wakakubali.

Lori lilipotokea, Matano alipiga kelele, "Askari!" Hakuna aliyetimka. Miguu ilikuwa imezoea mwewe tu. Phoebe muuza soksi, aliyeibiwa simu asubuhi ile, hata alifurahi akidhani ni polisi, akawaendea kushtaki. Askari wakazichukua soksi zake, njugu za Matano, mwavuli, na karai la Swabra likiwa bado na mafuta ya moto. Swabra alilia pale pale njiani, bila haya.

Jioni mwewe alirudi, kichwa chini. "Litumieni tu jina langu. Nimewaruhusu."

"Ahsante. Na karai langu je? Wewe ni bingwa wa kunyakua. Nenda kaninyakulie."

Mwewe alizitazama kucha zake. "Kwa wale, Bi Swabra? Siwawezi. Mimi ni mwewe tu."

Swabra alimpa utumbo wa samaki, kisha akaenda kwa jirani kuazima sufuria.