Kopo la Baba Mkubwa

Nyumbani kwao dawa zote zilikaa katika kopo moja la biskuti, na kopo lilikuwa na mfalme wake: baba mkubwa. Vidonge alivyobakiza kila mgonjwa viliingia humo, pakiti zikatupwa eti zinajaza nafasi, na yeye ndiye aliyegawa. Ukiumwa unapewa. Ukiuliza ni dawa gani, huna adabu.

Binti wa mdogo wake, aliyekuwa akisomea famasia na ambaye kwa utani walimwita Nusu Daktari, alikuwa likizo. Mchana alichambua maharage jikoni na shangazi yake, naye shangazi akimhoji masomo. Ili azikumbuke, binti alizipanga dawa katika koo, kama za watu. Ukoo huu unatuliza maumivu, ila ni mkorofi kwa wenye vidonda vya tumbo. Ule unapunguza kasi ya moyo, na mwenye pumu asiuguse.

"Kumbe hata dawa zina wakwe wa kuwakwepa!" shangazi alicheka.

Jumapili moyo wa shangazi ukaanza kumwenda mbio. Baba mkubwa akafungua kopo.

"Meza hii, dada. Propranololi yangu, ya kupunguza mapigo ya moyo. Mimi imenituliza."

Kidonge kikatua kiganjani mwa shangazi, glasi ya maji ikasogezwa. Binti alishikwa na hofu, kisha hasira. Shangazi alikuwa na pumu tangu utotoni. Kidonge kile kingeweza kumbana kifua mpaka akose pumzi.

"Shangazi, usimeze!"

"Unasemaje?" Baba mkubwa aliinuka. "Mimi niliyekulea, leo unanifundisha?"

"Nakuheshimu, baba. Lakini hiyo hamezi."

"Shika adabu yako, la sivyo utoke kwangu."

"Nitatoka. Na kopo natoka nalo." Kopo alikuwa ameshalikumbatia. Akamgeukia shangazi. "Leo nakuhoji mimi. Ukoo unaopunguza kasi ya moyo, nani asiuguse?"

"Mwenye pumu," shangazi alijibu kwa mazoea, kama yuko jikoni. Kisha akakitazama kiganja chake.

Shangazi alikirudisha kidonge mkononi mwa kaka yake, akamkunjia vidole juu yake.

"Hiki meza mwenyewe, kaka." Akavuta mtandio wake kitini. "Nusu Daktari, nipeleke hospitali. Kama ni kufukuzwa, tumefukuzwa wawili."