Ejo ya Caritas

Merina hakuandika wosia. Alilala pale nyumbani kwake Bangwe, akatuita watu wanne, akasema kwa mdomo wake: "Nyumba hii ni ya Elida. Asitolewe." Kisha akaomba maji, na hakuyanywa.

Merina hakumzaa Elida. Alimlea tu, tangu wa kubebwa mgongoni, na Elida ndiye aliyemgeuza kitandani mpaka mwisho. Hana kwingine. Lakini matanga hayajapoa, Pastory, mtoto wa shemeji yake Merina, akaja kutoka Simbo na kufuli jipya. Akafunga mlango, akasema mali ya ukoo haiendi kwa mtoto wa kuokota. Elida akahamia kwangu Kasingirima na ndoo ya nguo.

Basi tukaenda Mahakama ya Mwanzo. Hakimu, kijana wa Tanga mwenye sauti ya pole, alitueleza kwamba wosia wa mdomo husimama kwa mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Akipungua mmoja, hakuna wosia. Wa ukoo tulikuwa mimi na Yuliana, mdogo wake marehemu. Wa nje ni Asumani muuza dagaa, na bibi Caritas, jirani aliyetoka Burundi zamani, aliyekuwa akikamua mawese na Merina.

Sisi watatu tulisema, ikaandikwa. Caritas akapanda kizimbani akishika ukuta. Naye akasema neno lile lile, nyumba ya Elida, asitolewe. Pastory akamuuliza atathibitisha vipi. Bibi akamtazama kama anayemsikitikia.

"Ejo tuko pamoja na Merina," akasema. "Yeye ndiye anajua."

Hakimu akauliza ejo ni nini. Pastory akawahi kujibu. "Ni jana, Mheshimiwa. Bibi huyu jana alikuwa anapiga soga na maiti. Labda walikunywa na chai."

Watu wakacheka, hata karani. Hakimu akaahirisha shauri hadi kesho yake, aje mkalimani wa Kirundi, ndipo aamue kama ushahidi wa bibi aufute. Elida hakucheka. Alimfunika Caritas kanga mabegani, maana bibi alikuwa wa baridi kama samaki wa mgebuka aliyetoka majini, na nje jua linawaka.

Asubuhi mkalimani alikuja. Caritas hakuja. Asumani akaenda kumwita, akarudi peke yake, kofia mkononi. Alimkuta amekaa mezani na gauni lake la kanisani, amekufa. Mbele yake palikuwa na sahani mbili za ugali. Yake haikuguswa. Ile nyingine ilikuwa imeliwa.

Pastory akasimama upesi. Akasema shahidi huyo jana alikuwa mwendawazimu na leo ni marehemu, afutwe tu, wabaki watatu. Hakimu akamgeukia mkalimani. Nikawahi kuomba ruhusa mimi, maana sisi Waha na Warundi twasikilizana.

"Kitendawili, Mheshimiwa," nikasema. "Ndugu wawili, mmoja yuko mgongoni kwako, mwingine yuko usoni. Ukiwaita, wanaitika jina moja."

Akasema pale si mahali pa vitendawili. Lakini alituona nyuso zetu, akauliza jibu.

"Ejo. Ni jana, na ni kesho."

Hakimu akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akasema bibi alikuwa anazungumzia kifo chake, na huo si wazimu. Ushahidi wake unabaki. Akaingia chumbani kwake kuandaa uamuzi.

Barazani Pastory alinifuata.

"Mama mdogo, jana alipokuwa anashuka kizimbani aliniinamia sikioni. Akasema, 'Nawe Pastory, ejo.' Alimaanisha ipi?"

Nikamwambia kweli, sijui.

Alisimama akitazama ziwa kule chini, limetulia kama mawese ndani ya dumu. Kisha akachomoa ufunguo, akampa Elida kwa mikono miwili, kama anayempa mkwewe. Akamfuata karani, akaomba pingamizi lake lifutwe.

Karani akamwambia alilete kwa maandishi, kesho.

"Hapana," Pastory akasema. "Leo."