Bunduki Zilizogoma

Bunduki mpya zilipofika kambini, mia nne kamili, kila askari alitaka kuishika ya kwake mapema. Zilikuwa nyeusi tii, nyepesi kama mwiko. Zile kuukuu za vitako vya mbao zikafungiwa stoo, wala hakuna aliyezililia. Haikutimia miezi miwili, watu wakaanza kuzikumbuka kama mume anavyomkumbuka mke aliyemwacha kwa ujinga wake mwenyewe.

Mpya zilikuwa zinagoma. Askari anapiga risasi ya kwanza, ya pili, ya saba, kisha kimya. Ganda tupu limeng'ang'ania ndani, halitoki hata kwa kubembelezwa, mpaka apenyeze ufito mdomoni mwa mtutu aligonge. Katika uwanja wa shabaha jambo hilo lilichekesha. Mpakani, ambako kikosi kilikuwa kinajiandaa kwenda, lisingemchekesha mtu.

Zote zilizogoma zililetwa kwa sajini wa ghala la silaha, mwanamke wa makamo ambaye kambi nzima ilimwita Mama Grisi. Kila akiletewa moja, iliandamana na amri ileile kutoka kwa Kanali: askari huyu ni mchafu, aadhibiwe. Wa kumi na tisa kuadhibiwa alikuwa koplo, mdogo wake Mama Grisi wa tumbo moja. Siku saba za kufyeka nyasi juani.

Dada yake alimpelekea maji huko huko kwenye nyasi.

"Dada, niliisafisha," koplo alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua."

"Basi kamwambie Kanali."

"Kanali haambiwi, mdogo wangu. Huonyeshwa."

Alisema hivyo kwa kujipa moyo tu, maana cha kuonyesha hakuwa nacho. Alirudi ghalani na kumwaga mezani maganda yote aliyoyagongoa. Alilipangusa moja, ukucha wake ukakwama. Akaupitisha tena taratibu: kwaru, kwaru, kwaru. Ganda zima lilikuwa na mistari myembamba ya kulizunguka, kama alama za uzi uliokazwa. La pili hivyo hivyo. La kumi vilevile.

Pembeni mwa ghala palikuwa na bunduki moja ya majaribio, iliyoletwa kabla ya kununuliwa hizi nyingine. Akaichukua hadi uwanjani, akapiga risasi mia mbili. Haikukohoa. Maganda yake yalikuwa laini kama yai.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa Kanali.

"Mchagua jembe si mkulima, Sajini," Kanali alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Ni kweli, afande. Ila hawa hawakuchagua, walipewa. Alhamisi anakuja mhandisi wa kiwandani kutufundisha usafi. Naomba asafishe kumi kwa mkono wake mwenyewe, kisha mimi nizipige."

Hapo Kanali aliinua macho. "Na zisipogoma?"

"Nitakwenda kufyeka nyasi na koplo wangu."

Kanali alikosa sababu ya kukataa.

Mhandisi alikuja, bwana mwembamba mwenye miwani. Alikunja mikono ya shati akasafisha kwa saa tatu, na Mama Grisi alikiri moyoni kwamba mtu huyu kazi anaijua. Kisha wakaenda uwanjani. Bunduki ya kwanza ilipiga vizuri, na ya pili pia. Jasho likaanza kumtoka sajini. Ya tatu ikagoma kwenye risasi ya tano. Zilipokwisha zote kumi, sita zilikuwa zimegoma.

Kanali alimtazama mhandisi. Mama Grisi naye hakumsimanga. Alimpa ganda.

"Pitisha ukucha, mwanangu."

Mhandisi akapitisha. Akavua miwani, akakaa juu ya sanduku la risasi.

"Ni kifaa chetu cha kukerezea," alisema mwishowe. "Pale ndani risasi inapokaa panatakiwa pawe laini. Kifaa kimechakaa, kinaacha mifereji. Ganda likipata moto linavimba, linaingia humo. Niliomba kibadilishwe, nikaambiwa mzigo umechelewa. Nikanyamaza. Nikatia saini."

"Zinatengenezeka?" Kanali aliuliza.

"Zinatengenezeka, afande. Moja moja."

"Muda gani?"

"Wiki sita."

Kanali alitembea hadi mwisho wa uwanja na kurudi. "Makao makuu watapiga kelele," alisema. "Wacha wapige. Kikosi hakiondoki."

Asubuhi iliyofuata, mbele ya gwaride, aliyasoma majina yote kumi na tisa, akatangaza kwamba hawakuwa na kosa. Neno samahani halikumtoka, lakini kwa waliomjua Kanali, huko kulikuwa sawa na kupiga magoti.

Mhandisi alirudi baada ya siku tisa na kifaa kipya na mafundi wawili. Walijazana ghalani, meza hadi meza, na Mama Grisi akawa mwenye neno la mwisho. Kumi na moja alizikataa zikarudiwa. Fundi mmoja alinung'unika kwamba mama huyu ni mgumu kuliko chuma chenyewe, mhandisi akamwambia anyamaze, aendelee kukereza.

Siku ya kuondoka, askari walipanga foleni dirishani pa ghala. Zamu ya koplo ilipofika, aliikoki bunduki mara mbili, akasikiliza.

"Hii vipi, dada?"

"Imepiga mia tatu bila kukohoa. Nimeipiga mwenyewe."

Koplo aliitundika begani. Akamshika dada yake mkono. Nyuma yake wenzake walikuwa wanataniana, wanasukumana kama watoto wa shule.

"Nenda salama, mdogo wangu. Usiache kuisafisha," Mama Grisi alisema, akamwita anayefuata.