Mfuko Sitaki

Muuzaji aliniwekea mezani redio mbili za mkononi, zile za kuitia msaada baharini. "Mama, hii kubwa inaelea. Hii ndogo ni nyepesi, ila ikidondoka baharini inazama."

"Nipe inayoelea," nikamkatisha, "na kamba ya kuifunga kifuani. Ni ya binti yangu, anaendesha kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kasia."

"Basi chukua na mfuko usiopitisha maji."

"Mfuko sitaki."

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. Kaka yake binti huyo nilimnunulia redio humu humu. Kwa kuogopa italowa, niliifunga mwenyewe ndani ya mfuko kama huo, nikaisukuma nyuma kabisa ya kayaki. Kayaki ilipopinduka, mwanangu hakuifikia. Waokoaji walinirudishia mfuko ukiwa bado na fundo langu. Nilipoufungua, redio ilikuwa kavu, chaji imejaa.