Ufa wa Pijo ya Jumbe

Enzi za vioo vya magari kuadimika Mwanza, Pijo ya marehemu Jumbe ilitembea miaka na ufa kwenye kioo, mbele ya dereva. Biashara ilipofanywa huria, mjane wake, Bi Raya, akaniletea kioo kipya gereji kwangu Mkuyuni. Nilipaka sabuni mpira wa kushikia kioo, nikazungushia kamba kwenye mfereji wake, nikaivuta taratibu kutoka ndani, yeye akikigandamiza kioo kwa nje, mpaka kikalala sawa na bodi.

“Kaa kwa dereva, mama, uone barabara.”

Akaenda kukaa upande wa abiria. Nami jasho linanitoka, nikakereka.

“Kwani kina kasoro?”

“Hakina, fundi. Ila kwa sababu ya ule ufa, Jumbe alikuwa akiendesha ameniegemea.”